Dawa za Kifua Kikuu kutoka Vilindi vya Bahari: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Bakteria wa kifua kikuu hawajawahi kukutana na bakteria wa vilindini, kwa hiyo hawawezi kuwa sugu kwa dawa itokayo huko.

Hii nimeisikia kliniki na darasani hadi imenichosha, na inadhuru, kwa sababu wapo wagonjwa wanaolegeza dozi wakiamini kwamba dawa isiyoshindwa iko njiani. Usugu hautokani na bakteria kuizoea dawa: jeni zao hubadilika zenyewe wanapogawanyika, kisha dawa huwaua wengine na kuwaachia nafasi waliobadilika. Takriban bakteria mmoja kati ya milioni 100 huwa tayari ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, kabla mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza, na ndiyo maana dawa za kifua kikuu hutolewa kwa mchanganyiko, ili atakayeponyoka moja auawe na nyingine.

Wala kutoka baharini hakuifanyi dawa kuwa mpya. Salinispora arenicola, bakteria wa baharini, hutengeneza rifamisini, jamii ileile ya dawa iliyopatikana kwenye udongo wa Ufaransa mwaka 1957 na baadaye kuzaa rifampisini. Mgonjwa mwenye bakteria sugu kwa rifampisini asitarajie nafuu kutokana na rifamisini hiyo ya baharini. Kinachotafutwa ni shabaha mpya ndani ya bakteria, yaani sehemu au kazi ambayo dawa za sasa haziishambulii. Abisomisini C, iliyotangazwa mwaka 2004 kutokana na bakteria wa mashapo ya Bahari ya Japani, kina cha mita 289 (ambacho, kwa kweli, si kilindi cha kutisha), inavutia kwa kuwa huwazuia bakteria kujitengenezea foleti (aina ya vitamini B), kazi ambayo seli zetu hazifanyi. Hata abisomisini, ikitumika peke yake, itazalisha usugu.

Dhana: Ikiwaua bakteria maabara, dawa imepatikana.

Dawa ya kutolea madoa nayo huwaua. Kemikali inapaswa kupenya ukuta wa bakteria wenye mafuta mazito, iwafikie waliojificha katika tishu zilizokufa, isiharibu ini na isigongane na dawa za kufubaza VVU. Abisomisini imechunguzwa kwa zaidi ya miaka 20 na bado haiko kwenye duka lolote la dawa.

Dhana: Itabidi sakafu ya bahari ichimbwe daima.

Hapana. Bakteria akishapatikana, hukuzwa kwenye matangi, au wanakemia huiunda kemikali yake wenyewe.

Dhana: Dawa mpya lazima itoke kwa kiumbe.

Bedakwilini, dawa ya kifua kikuu sugu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, iliundwa na wanakemia maabara.