London hadi Amsterdam: "muda wa ndege" ni upi hasa?

Kuna mtu ameandika tena kwamba London hadi Amsterdam ni saa mbili na robo kwa ndege. Mwingine, aliyetazama tiketi ya kurudi, anaapa ni robo saa tu. Wote wametoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, wakasahau kwamba Amsterdam iko mbele ya London kwa saa moja mwaka mzima na kwamba tiketi huandikwa saa za mahali. Hilo tuliache, husahihishika upesi.

Umbali nao hauna ubishi: uwanja wa Heathrow, London, hadi ule wa Schiphol, Amsterdam, ni km 370 hivi kwa mstari ulionyooka, ingawa ndege haiendi moja kwa moja hivyo.

Kinachokera ni hiyo saa moja na robo inayobaki ukisharekebisha tofauti ya saa za miji hiyo, ambayo watu huiita muda wa kuruka. Angani hasa ndege hukaa kama dakika 45 hadi 50. Ratiba huanza kuhesabiwa vizuizi vya magurudumu vinapoondolewa na ndege kusukumwa nyuma kutoka kwenye maegesho, na huisha inapoegeshwa upande wa pili. Katikati kuna foleni ya Heathrow, uwanja wenye njia mbili tu za kurukia. Schiphol kuna Polderbaan, njia iliyofunguliwa mwaka 2003, mbali na majengo kiasi kwamba ukitua hapo ndege hupita kwenye daraja juu ya barabara kuu ya A5, magari yakikimbia chini yenu, na robo saa inaweza kuisha bado mnatambaa. Dakika zote hizo zimo kwenye ratiba. Juu yake mashirika hujiwekea akiba, ndiyo maana mnaweza kuondoka mmechelewa na bado rubani akatangaza kwamba mmewahi.

Kama unaona huku ni kubishania vitu vidogo mno, tofauti hii imefika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, mwaka 2014. Ndege ya shirika la Germanwings kutoka Salzburg kwenda Köln/Bonn iligusa lami ikiwa imechelewa saa 2 na dakika 58. Ilipofika kwenye maegesho, ucheleweshaji ulikuwa saa 3 na dakika 3. Fidia, euro 250 kwa safari fupi kama hiyo, hudaiwa ucheleweshaji ukifika saa 3. Kampuni ikashikilia kwamba kufika ni magurudumu kugusa ardhi. Mahakama ikakataa, tena ikaenda mbele zaidi ya maegesho: ndege imefika pale angalau mlango mmoja unapofunguliwa na abiria wakaruhusiwa kushuka. Kabla ya hapo umefungiwa mule ndani, huwezi kushughulika na mambo yako kama kawaida, hata kama unaliona jengo dirishani.

Basi ukisema "saa moja na robo" hujakosea, ila ongeza kwamba ni maegesho hadi maegesho. Na tafadhali usichukue zile km 370 ukazigawa kwa hiyo saa na robo, halafu ukatuambia ndege za Ulaya zinakwenda km 300 kwa saa.