Vijembe vya chama si utani

Kitabu cha vichekesho vya kichama ni kile kinachoandikwa na mfuasi wa upande mmoja wa siasa ili wenzake wawacheke watu wa upande wa pili. Maana yake haizidi hapo. Tatizo liko kwenye jina. Hapa Uganda, mtu akitoa kijitabu cha kuwacheka wa njano, yaani chama tawala cha NRM, au wa nyekundu, yaani wapinzani wa NUP, redioni kitaitwa "utani wa kisiasa", na aliyesoma fasihi kidogo atakiita "tashtiti", yaani maandishi yanayokosoa tendo kwa kicheko. Yote mawili si sahihi, na kosa la kwanza ni baya kuliko la pili.

Utani ni uhusiano kabla ya kuwa maneno. Mtu hawi mtani wako kwa sababu amekuchekesha. Ni mtani kwa sababu mmerithi haki hiyo, kama Mnyamwezi na Mzaramo, au mmezaliwa nayo, kama mjukuu na babu yake. Mtani anaweza kufika msibani akautaja ubahili wa marehemu mbele ya wafiwa, na wafiwa wakavumilia, maana ni mtani huyohuyo anayeshika kazi za mazishi. Siku msiba ukihamia kwake, naye atasemwa na atanyamaza. Kitenzi chenyewe kinakiri: watani hutaniana, na hiyo "-ana" inadai watu wawili, kila mmoja na zamu yake.

Kitabu cha chama hakina "-ana". Anayechekwa hayupo, hakuulizwa, na kitabu hatakinunua. Wazungumzaji wa Luganda wana maneno mawili hapa, okusaaga kwa kufanya mzaha na okujerega kwa kumdhihaki mtu, na kuyachanganya si jambo dogo. Kiswahili nacho kina neno lake tayari: kijembe. Shina ni "-embe", lilelile lililomo ndani ya jembe na wembe, yaani kitu chenye makali. Kijembe ni kisu kidogo au wembe mdogo, na ndiyo maana tunasema kurusha kijembe au kumpiga mtu kijembe. Hakikusudiwi kuua. Kinachana ngozi, na anayekirusha anataka watu wa kwao waione damu.

Hapo ndipo msomaji wa vitabu hivi anapoeleweka. Mfikirie mwanamke anayeinuka katikati ya onyesho la taarabu, noti mkononi, akaenda kumtunza mwimbaji mara tu ubeti wa mpasho unapotajwa. Fedha ile anamlipa mwimbaji, lakini macho yake yako kwa mbaya wake aliyekaa meza ya tatu. Mnunuzi wa kitabu cha vijembe vya chama anafanya hivyohivyo. Hatafuti hoja, maana anazo tayari. Ananunua ili aonekane yuko upande gani, akiweke sebuleni au ampelekee shemeji wa chama kingine.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitoka Marekani mwaka 2017. Michael J. Knowles, mwandishi wa mrengo wa kihafidhina, alitoa kitabu kilichojidai kueleza sababu za kukipigia kura chama cha Democratic. Ukikifungua unakuta vichwa vya sura na orodha ya marejeo, lakini kurasa zaidi ya 200 zilizobaki ni nyeupe. Kilipanda hadi nafasi ya kwanza ya mauzo kwenye Amazon. Kitabu cha kurasa tupu hakiwezi kumgeuza mpiga kura hata mmoja, na hakuna aliyekinunua kwa kutarajia hivyo. Tena mbinu ya kurasa tupu inafanya kazi dhidi ya chama chochote: badilisha jina kwenye jalada, kichekesho kinabaki kilekile. Kijembe kinachomfaa kila mtu hakisemi lolote juu ya yule kilichomlenga.

Kwa nini basi vingi havidumu, na havitafsiriki? Chukua neno kisanja. Kwa Luganda ni jani kavu la mgomba, na pia ni muhula wa uongozi. Katika kampeni za kuondoa ukomo wa mihula ya urais, uliofutwa mwaka 2005, waungaji mkono walijifunga majani makavu ya migomba. Mpinzani anaweza kurusha hivi: majani makavu yanangoja kiberiti. Mfuasi akamjibu: majani hayo ndiyo yanayofunika shamba lisikauke. Vyote viwili vimenolewa vizuri. Lakini viandike kwa Kiswahili, ambako "muhula" hauna jani wala mgomba, itakubidi uongeze sentensi mbili za maelezo, na kijembe kinachoelezwa kimeshakufa. Hata kwa Luganda, asiyekumbuka mikutano ile atauliza majani ya nini. Zaidi ya hayo, hakuna hata kimoja kati ya viwili hivyo kilichogusa swali lenyewe, kama mtu aongezewe muhula au la.

Tashtiti ingeligusa. Ingemchukua, tuseme, mzee aliyekabidhiwa uenyekiti wa ukoo kwa miaka miwili, na kila miwili ikiisha ukoo unakaa, unachinja mbuzi na kubadilisha sheria, hadi wajukuu wanafikiri kiti ni kiungo cha mwili wake. Hapa kinachochekwa ni tendo, pamoja na wale wanaolipigia makofi, na msomaji wa chama chochote anaweza kujikuta ndani. Mshairi wa Uganda Okot p'Bitek alionyesha njia hiyo katika Song of Lawino, utenzi uliotoka mwaka 1966, ambamo Lawino anamlalamikia mumewe Ocol. Ocol ni wa Democratic Party (DP) ya Uganda, ndugu yake ni wa Congress (UPC), na ndugu hao hawaivi chungu kimoja huku umaskini ukiwaangusha watu wa kwao. Lawino hamtetei yeyote. Mfuasi wa DP akisoma anachomwa, na wa UPC naye anachomwa.

Sidai kwamba vijembe ni haramu. Kijembe kizuri kinahitaji sikio na kipimo, na kuna wanaokiandika kwa ustadi mkubwa. Ninachoomba ni kiitwe kijembe. Anayetoa kitabu cha aina hii aandike jaladani "vijembe vya kisiasa", na mhakiki afanye vivyo hivyo. Msomaji atajua anachonunua. Tashtiti tuwaachie wanaokosoa tendo bila kuangalia rangi ya shati. Na utani wa kisiasa ubaki kwa wanasiasa wa pande mbili wanaosemana ana kwa ana katika ukumbi mmoja, maana pale anayesemwa anayo zamu ya kujibu.