Waigizaji weusi walikuwepo katika filamu za kale

Wengi huamini kwamba filamu kubwa za kihistoria za Hollywood za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa za Wazungu watupu, na kwamba kumwona mtu mweusi katika simulizi za Misri au Roma ni jambo la juzi. Sivyo. Katika The Ten Commandments ya 1956, mwigizaji mweusi Woody Strode ni mfalme wa Ethiopia. Mwaka 1960, katika Spartacus, ni Draba, mtumwa anayemshinda Spartacus uwanjani, anakataa kumuua, kisha anawageukia Warumi waliokaa juu wakitazama. Anauawa, na kifo chake kinawasha hasira ya wenzake. Ni nafasi fupi, lakini kwangu ndiyo moyo wa filamu nzima. Mwaka 1965, katika The Greatest Story Ever Told, Sidney Poitier, naye mweusi, aliigiza Simoni wa Kirene, aliyeubeba msalaba wa Yesu.

Walichonyimwa ni nafasi kuu. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizosimamiwa kwa ukali tangu 1934, zilikataza mapenzi kati ya weusi na weupe, na hata Waarabu waliigizwa na Wazungu: sheikh wa Ben-Hur ya 1959 ni Hugh Griffith wa Wales, aliyepakwa rangi usoni, naye akapewa Oscar.