Je, wajua kwa nini gesi ya R12 ilitoweka kwenye friji?

Mafundi wa friji wa Nairobi, kuanzia Ngara hadi Kariobangi, huzijua gesi kwa namba. Siku hizi utawasikia wakitaja R134a na R600a, au R22 ikiwa kiyoyozi ni cha zamani. Waliobobea miaka mingi wanaikumbuka R12, gesi iliyotawala friji za nyumbani. Hiyo iliondolewa kwa makubaliano ya nchi zote duniani, na sekretarieti ya makubaliano hayo iko hapa hapa Nairobi, Gigiri, katika makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa.

R12 ilipendwa kwa sababu haishiki moto na haina sumu. Ubaya wake ni kwamba haivunjiki upesi. Ikivuja, hudumu angani miaka mingi huku ikipanda polepole hadi kwenye tabaka la ozoni, kilomita 15 hadi 35 hivi juu yetu. Huko, mionzi mikali ya jua huivunja na kuitoa klorini iliyomo ndani yake. Atomu moja tu ya klorini yaweza kuangamiza maelfu kwa maelfu ya molekuli za ozoni, nayo ozoni ndiyo inayotukinga na mionzi ya urujuanimno inayosababisha saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walitoa onyo hilo mwaka 1974, na wenye viwanda wakalipinga. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika ilikuwa imepungua vibaya.

Mwaka huo huo ulitiwa saini Mkataba wa Vienna wa kulinda ozoni, ambao haukumlazimisha mtu kupunguza chochote. Makali yalikuja na Itifaki ya Montreal, tarehe 16 Septemba 1987. Aliyezisukuma nchi hadi zikafika hapo ni Mostafa Tolba, mwanasayansi wa Misri aliyekuwa akiiongoza UNEP.

Lakini mikataba ya mazingira ni mingi. Kwa nini huu ulitiiwa? Mimi naona siri kubwa ni haki. Nchi tajiri ndizo zilizokuwa zimetumia sehemu kubwa ya gesi hizi, kwa hiyo zilitangulia kuziacha, na nchi zinazoendelea zikaongezewa miaka 10. Hata hivyo, muda peke yake haununui mashine mpya. China na India zilikaa nje hadi mwaka 1990, pale mkutano wa London ulipoanzisha mfuko wa fedha, unaochangiwa na nchi tajiri, wa kubadilisha viwanda na kuwafunza mafundi. Baada ya hapo zote mbili zikajiunga. Na kwa waliosita kulikuwa na fimbo: nchi wanachama zilikatazwa kufanya biashara ya kemikali hizo na nchi isiyojiunga. Kufikia mwaka 2009, kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa ilikuwa imeridhia.

Kenya, iliyoridhia mwaka 1988, iliguswa hata mashambani. Wakulima wa maua walikuwa wakiua wadudu na magonjwa ya udongo kwa methili bromaidi, kemikali nyingine inayokula ozoni. Ilibidi watafute njia nyingine, ikiwemo kuuchoma udongo kwa mvuke.

Kazi haijaisha. R134a haiharibu ozoni, ila huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dioksidi ya uzito ule ule. Ndiyo sababu mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali na kuiongeza gesi hiyo na jamii yake kwenye orodha ya zinazopunguzwa.

Ozoni yenyewe inapona. Tathmini iliyotolewa mwaka 2023 inakadiria kwamba, sheria zikiendelea kufuatwa, itarudia kiwango cha 1980 karibu mwaka 2040 katika sehemu kubwa ya dunia, na juu ya Antaktika karibu mwaka 2066.