Mlango wa ndege haufunguki angani kama kwenye filamu

Katika mabanda umiza (vibanda vya kuonyeshea filamu) ya Kirumba, Mwanza, ubishi ni uleule: jambazi akivuta mkono wa mlango ndege ikiwa juu, abiria wote wanafyonzwa nje. Haiwezekani. Kwenye mita 11,000, hewa ya ndani hugandamiza kila mita ya mraba ya mlango kwa takribani tani tano na nusu, na milango mingi lazima isogee ndani kidogo kabla ya kutoka. Baunsa gani ataishinda nguvu hiyo? Karibu na ardhi ni kesi nyingine: Mei 2023, Korea Kusini, abiria alifungua mlango ndege ikiwa mita 200 hivi juu, na ikatua salama. Tundu la risasi nalo halimmezi mtu. Hewa huvuja, mitambo inafidia. Dirisha zima likitoka, hapo mkanda unaweza kukuokoa.