Mretemu Hauishi Bila Maji

Safari hii nimechoka na kauli hii ya wahubiri: "Uwe kama mretemu, jangwani bila tone la maji na bado umesimama!" Nimeisikia kwenye semina, nimeisikia kwenye mafungo, na majuzi nimeisikia msibani hapa Masasi, akiambiwa mjane ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake. Mimi ni bwana miti. Niacheni niseme.

Mretemu ndio ule ambao nabii Eliya alikaa chini yake akiomba kufa. Kichaka cha majangwa ya Sinai na Negev, jamii ya kunde, maua meupe, hayo mnayajua. Maji mmea huu unayo. Yako chini sana, na mizizi imeyafuata hukohuko. Watu wa Newala watanielewa kabla ya wengine. Juu ya uwanda wa Makonde mchanga hunywa mvua yote, mto hakuna, na bibi zetu waliteremka mpaka bondeni kuchota, wakapanda na maji kichwani. Nani atathubutu kuwaambia kwamba waliishi bila maji?

Kinachonikera zaidi ni hadithi ya mmea shujaa unaopambana na jua. Haupambani. Vijani vyake vidogo unavipukutisha mapema, kazi ya kutengeneza chakula inabaki kwa vitawi vya kijani. Kiangazi kikikaza, hata vitawi vya juu vinapunguza kazi mpaka karibu kulala, huku kivuli chao kikivikinga vya chini. Ukivitazama utadhani vimekufa. Mvua ikinyesha vinaamka. Kwa hiyo uvumilivu wake, kama ni lazima tuuite hivyo, ni kuacha kazi, tena kabla ya kuishiwa. Mwambie hivyo muumini mwenye kamati tano uone atakavyokutazama.

Tena isomeni wenyewe 1 Wafalme 19. Malaika hakumhubiria Eliya habari za mti. Alimgusa, akamwambia, "Inuka, ule." Mkate, na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena! Akaamshwa mara ya pili, akala tena, ndipo ikaja safari ya Horebu, siku arobaini. Wahubiri wetu wanauruka mkate.

Sasa shaka yangu. Kila mretemu tunaousifia ni ule uliofikia maji. Miche mingi ya jangwani hukauka kabla mzizi haujafika popote, na si kwamba ilikosa imani. Mvua ilikatika mapema, basi. Miche hiyo sijui niifanyie somo gani. Nikikaribishwa kanisani kuzungumza, huwa naikwepa.

Na mnaoniomba mbegu za mretemu: sina, na ningekuwa nazo nisingewapa. Mmea wenyewe una sumu, na huko Australia ulikopandwa kama pambo umegeuka gugu. Pandeni mkwaju. Nao ni jamii ya kunde, na kivuli chake kinamtosha mtu mzima kulala.