Homa ukishatoka safari ya Congo au Burundi, usiseme ni uchovu

Watu wakisikia afya ya msafiri wanawaza ndege na Ulaya, lakini hapa Dodoma wasafiri wa nje wanaotupa mawazo sana sisi watu wa afya ni madereva wa malori na utingo wao, wale wanaopita Singida, Nzega, Kahama mpaka Rusumo au Kabanga na wengine wanaunganisha hadi Congo.

Dodoma ni kukavu, malaria ipo ila ni kidogo ukilinganisha na Kigoma au Kagera, sasa mtu aliyekulia Kongwa au Chamwino mwili wake haujaizoea, akilala siku kadhaa kwenye foleni ya mpakani anasubiri karatasi za forodha huku mbu wanamla, ikimpata inamshika vibaya kuliko mwenyeji wa kule. Na haiji siku hiyohiyo. Toka mbu akuume zinapita siku 7 au zaidi, mara nyingi wiki mbili hivi, yaani homa inakukuta umesharudi Ipagala unakunywa chai na watoto na Burundi umeshaisahau.

Kuna dereva aliletwa kwetu kashikiliwa na mke wake, midomo imekauka, macho ya njano, siku 4 anameza panado tu kwa sababu nyumbani walisema ni uchovu wa usukani. Tukamtoboa kidole, baada ya dakika chache mistari miwili hiyo kwenye kipimo, yaani malaria. Alipona, nashukuru Mungu, ila kwa kulazwa na kuwekewa dripu, wakati angewahi siku ya kwanza angetibiwa na kurudi kwake.

Kwa hiyo homa yoyote ndani ya miezi 3 tangu urudi, nenda kapime siku hiyohiyo, na ukikaa tu mbele ya daktari sema nimetoka Congo, usisubiri uulizwe, maana hapa anaweza akaanza na UTI au taifodi.

Ukipewa dawa mseto ya malaria (ALu) maliza. Mtu mzima ni vidonge 24: 4 hapohapo, 4 baada ya masaa 8, halafu 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata, na ule kitu chenye mafuta kama chapati au maziwa ili dawa iingie vizuri mwilini. Wengi wakipata nafuu vinavyobaki wanaviweka kwenye dashibodi eti akiba ya safari ijayo, jamani hapana, ugonjwa unarudi.

Kadi ya njano ya Congo, ile ya chanjo ya homa ya manjano, usinunue kwa vishoka, chomwa chanjo kweli na uchomwe mapema kwa sababu inahesabika baada ya siku 10, na tangu 2016 sindano moja inatosha maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10.

Chandarua chenye dawa kikae kwenye kabini muda wote kama jeki. Na dada zetu mnaobaki nyumbani, siku akirudi zungushia tarehe kwenye kalenda ya ukutani, akianza kutetemeka mtajua mnahesabu kuanzia wapi.